Cheti cha umeme jadidifu: WREGIS, GO au I-REC?

Kosa linalowagharimu watu zaidi katika vyeti vya umeme jadidifu hufanyika kabla pesa haijatoka. Mtu hununua cheti halali, chenye namba yake na historia safi kwenye rejista, kisha anakipeleka kwa mdhibiti au mteja ambaye kanuni zake hazikitambui. Cheti cha bwawa la Norwei hakisafishi hesabu za kiwanda cha Thika. Cheti cha jua la Goma hakimpunguzii wajibu msambazaji wa umeme wa California.

Hapa tunalinganisha mifumo mitatu ambayo msomaji wa Kiswahili ana uwezekano mkubwa wa kukutana nayo: WREGIS ya magharibi mwa Marekani pamoja na rejista zenzake za majimbo mengine, hakikisho la asili la Ulaya, linaloitwa GO, na I-REC, inayotumika Kenya, Uganda, Kongo na nchi nyingine nyingi ambazo hazina mfumo wao wa kisheria.

Uniti 1,000 kwa cheti kimoja

Mifumo yote mitatu inaanzia mahali pamoja: cheti kimoja ni megawati-saa moja, yaani uniti 1,000 kwa hesabu ya mita zetu. Mkulima wa korosho wa Mtwara anayeijua stakabadhi ghalani ataelewa haraka, maana hapa pia karatasi inauzwa mbali na mzigo. Tofauti ni kwamba mzigo huu umekwisha kutumika. Umeme uliingia kwenye gridi na kuwasha taa za watu sekunde ile ile. Kilichobaki ni haki ya kusema kwamba zile uniti 1,000 za jua ni zako. Haki hiyo lazima iwe na mwenyewe mmoja tu, na kazi ya rejista ni kulinda jambo hilo.

Cheti hutolewa baada ya data ya mita kuhakikiwa. Kisha huhamishwa kutoka akaunti moja hadi nyingine, mara nyingi kupitia dalali. Mwisho hufutwa: kinaingizwa kwenye akaunti ambayo hakiwezi kutoka tena, kwa jina la mhusika mmoja, kwa kipindi kimoja na kwa kusudi moja. Cheti ambacho hakijafutwa hakithibitishi chochote, hata kama umekilipia na kimekaa kwenye akaunti yako. Wakaguzi hukataa ankara za madalali kila msimu wa taarifa kwa sababu hiyo. Wanachotaka ni hati ya ufutaji.

Vigezo vya kulinganisha

Kigezo kizito kuliko vyote ni mpokeaji: je, unatimiza sheria yenye faini, au unathibitisha dai la hiari mbele ya mteja na wawekezaji? Baada ya hapo angalia data ya mita inatoka kwa nani, cheti kinaishi muda gani, mpaka wa soko unaishia wapi, na mambo huharibikia wapi. Bei tumeiacha kwa makusudi. Inabadilika kwa mwaka wa uzalishaji, aina ya mtambo na nchi, na bei ya leo ikiandikwa hapa itampotosha atakayesoma mwezi ujao.

WREGIS na rejista za majimbo ya Marekani

Mpokeaji. Majimbo zaidi ya 25 ya Marekani pamoja na Washington, D.C. yana sheria zinazoitwa RPS. Sheria hizo zinamlazimisha anayeuza umeme kwa walaji apate sehemu fulani ya mauzo yake kutoka vyanzo jadidifu, na uthibitisho ni vyeti vilivyofutwa kwenye rejista iliyotajwa na jimbo. Kila eneo lina rejista yake: WREGIS magharibi, PJM-GATS kuanzia New Jersey na Maryland kuelekea Illinois, NEPOOL-GIS kwa majimbo ya New England, M-RETS katikati ya nchi.

California ndiyo mfano mzuri wa ukali wa mfumo huu. Sheria ya 2018 inadai asilimia 60 ifikapo 2030. Chukua msambazaji anayeuza megawati-saa 1,000,000 kwa mwaka. Atahitaji vyeti 600,000, lakini si vya aina yoyote. Angalau asilimia 75, yaani 450,000, viwe vya daraja la kwanza: cheti na umeme wake vimenunuliwa pamoja, na umeme umeingia moja kwa moja kwenye mfumo wa California. Vile vilivyonunuliwa peke yake bila umeme havizidi asilimia 10, yaani 60,000. Juu ya hapo, asilimia 65 ya ununuzi itoke kwenye mikataba ya miaka 10 au zaidi. Akipungukiwa, faini ni dola 50 kwa kila cheti. Upungufu wa vyeti 20,000 ni dola milioni 1.

Tume ya Nishati ya California huidhinisha mitambo na kuhakiki madai, na tume nyingine, inayosimamia huduma za umma, ndiyo inayotoza faini kwa kampuni za umeme zilizo chini yake. Ni vema kulijua hilo mapema. Mtambo unaweza kuwa umesajiliwa WREGIS na kutoa vyeti bila shida, lakini kama haujaidhinishwa na jimbo husika vyeti hivyo havihesabiki kwa sheria ya jimbo hilo. Rejista inathibitisha kwamba umeme ulizalishwa, haiamui kama unastahili.

Data ya mita. Mzalishaji hajipangii mwenyewe. Msomaji wa mita aliyekubaliwa na WREGIS, kwa kawaida mwendeshaji wa gridi au kampuni ya umeme, hupeleka takwimu za kila mwezi, na ni mitambo midogo tu, isiyozidi kilowati 360, inayoruhusiwa kujiripoti. Vyeti hutoka takriban siku 90 baada ya mwezi wa uzalishaji kwisha. Uzalishaji wa Januari usiutarajie kwenye akaunti kabla ya mwisho wa Aprili.

Uhai na mpaka. California inataka cheti kifutwe ndani ya miezi 36 tangu umeme uzalishwe. New England haina subira hiyo: vyeti vya robo ya kwanza ya mwaka hutolewa 15 Julai, na dirisha la kuviuza linafungwa 15 Septemba. Ukikosa dirisha umekosa. Kuhusu mpaka, WREGIS inafuata gridi ya magharibi, ikiwemo mikoa miwili ya Kanada na kaskazini mwa Baja California nchini Meksiko, lakini kila jimbo huongeza masharti yake juu ya mpaka huo.

Kinapokwama. Kwanza ni tofauti ya sheria kati ya jimbo na jimbo. Pili ni dari ya bei. Massachusetts, kwa mfano, inamruhusu msambazaji alipe malipo mbadala ya dola 40 kwa kila megawati-saa ya daraja lake kuu badala ya kuleta cheti. Malipo hayo ndiyo dari: hakuna msambazaji mwenye akili atakayelipa zaidi ya hapo kwa cheti. Anayewekeza kwa kutegemea mapato ya vyeti aisome ratiba ya malipo mbadala kabla ya kusoma kitu kingine chochote. Tatu ni siasa. Texas, iliyoanzisha wajibu wake mwaka 1999, ilipitisha sheria mwaka 2023 ya kuuondoa, na vyeti vyake vikabaki vya hiari.

Kinamfaa nani. Wasambazaji wenye wajibu, wazalishaji waliounganishwa na gridi hizo, na wenye paneli majumbani katika majimbo yenye kipengele maalumu cha jua. Kwa aliye nje ya Amerika Kaskazini hakina kazi.

GO: hakikisho la asili la Ulaya

Mpokeaji. Wengi hudhani GO ni chombo cha kutimiza malengo ya nishati ya nchi za Umoja wa Ulaya. Sivyo. Kifungu cha 19 cha Maelekezo 2018/2001 kinasema wazi kwamba GO haina nafasi katika kuhesabu kama nchi imefikia lengo lake. Kazi yake ni kumwonyesha mlaji chanzo cha umeme wake. Muuzaji wa umeme anapomwambia mteja kwamba umeme wake ni wa upepo, sheria inamdai afute GO za kiasi hicho. Kwa hiyo uzingatiaji upo, ila ni wa sheria za utoaji taarifa. Malengo ya nchi yana hesabu zake nyingine.

Data ya mita. Kila nchi ina chombo kimoja kilichopewa mamlaka ya kutoa vyeti, mara nyingi mwendeshaji wa gridi au mdhibiti, na mita zinazosomwa ni zile zile za soko la umeme. Vyombo hivyo vimeungana katika jumuiya yao, AIB, na kitovu cha AIB ndicho kinachohamisha cheti kutoka rejista ya Ufaransa kwenda ya Uholanzi bila nakala kubaki nyuma. Kwa upande wa ufuatiliaji wa nchi hadi nchi, huu ndio mfumo uliokomaa kuliko yote mitatu.

Uhai na mpaka. GO inaweza kuuzwa kwa miezi 12 tangu umeme uzalishwe, na isipofutwa ndani ya miezi 18 inakufa. Mpaka ni Umoja wa Ulaya pamoja na majirani wachache walioungana na kitovu, kama Norwei na Uswisi. Uingereza imetoka: ina cheti chake, REGO, chini ya mdhibiti Ofgem, na tangu 1 Aprili 2023 haizitambui GO za Ulaya katika taarifa za wauzaji wake wa umeme.

Kinapokwama. GO ikiuzwa nje, umeme uliobaki nyumbani unapoteza sifa yake. Norwei huzalisha karibu umeme wake wote kwa maji, lakini vyeti vyake vingi huuzwa nchi nyingine. Mnorwei asiyenunua GO huoneshwa kwenye taarifa rasmi mchanganyiko wa mabaki, yaani umeme uliobaki baada ya ule wenye vyeti kuondolewa, ambao sehemu yake kubwa ni nyuklia, makaa na gesi. Watu wengi huliona jambo hilo kama dhuluma, lakini mimi naliona kuwa uaminifu wa hesabu: huwezi kuuza sifa na kubaki nayo. Iceland ilifundishwa somo hilo hadharani. Aprili 2023 AIB ilisimamisha uhamishaji wa vyeti kutoka huko kwa wasiwasi kwamba walaji wakubwa walikuwa wakidai umeme ule ule ambao vyeti vyake vilishauzwa nje. Uhamishaji ulirejea baada ya wiki chache, kanuni zilipowekwa sawa.

Kasoro ya pili ni kwamba GO peke yake haitoshi kwa sheria mpya kali. Haidroji ya kijani chini ya kanuni ya Ulaya ya 2023 inadai zaidi: mkataba na mtambo wenyewe, mtambo usiotangulia kiwanda cha haidroji kwa zaidi ya miezi 36, na ulinganifu wa mwezi kwa mwezi hadi mwisho wa 2029, kisha saa kwa saa kuanzia 2030. Miradi ya mwanzo imepewa nafuu kwenye sharti la umri wa mtambo. Sharti la saa halina nafuu ya namna hiyo.

Kinamfaa nani. Wauzaji wa umeme Ulaya, na kampuni zenye ofisi au viwanda ndani ya mpaka huo. Kampuni ya Nairobi yenye tawi Amsterdam itumie GO kwa umeme wa tawi hilo, na kwa hilo tu.

I-REC: kwa nchi zisizo na rejista ya kisheria

Mpokeaji. I-REC ilianzishwa na wakfu wa Uholanzi ambao sasa unasimamia kiwango kinachoitwa I-TRACK. Hakuna sheria ya Kenya au Uganda inayomlazimisha msambazaji kufuta vyeti hivi. Wanaovitaka ni wateja, wawekezaji na taratibu za taarifa: mwongozo wa 2015 kuhusu umeme ulionunuliwa wa GHG Protocol, yaani kanuni za kimataifa za kuhesabu hewa chafu, CDP inayokusanya taarifa za mazingira za kampuni, na RE100, umoja wa kampuni kubwa zilizoahidi kutumia umeme jadidifu tu. Pale ambapo nchi imekiidhinisha, cheti hiki kinakubalika kwa madai ya hiari sawasawa na GO au cheti cha Marekani.

Data ya mita. Hapa ndipo kazi ilipo, kwa sababu data haitoki yenyewe kwa mwendeshaji wa soko. Mzalishaji, au mwakilishi aliyempa barua ya idhini, husajili mtambo kwa mtoaji vyeti. Anawasilisha mchoro wa njia moja wa mfumo wa umeme, uthibitisho wa umiliki, tarehe ya kuwashwa, na mahali zilipo mita. Usajili hudumu hadi miaka mitano, kisha huhuishwa. Baada ya hapo, kwa kila kipindi, anaomba vyeti akiambatanisha usomaji wa mita na ushahidi wake, kwa mfano ankara za kampuni ya umeme au taarifa iliyosainiwa na mtu wa tatu.

Makosa ya mita ndiyo yanayochelewesha maombi mengi. Mita kubwa haisomi mkondo wote wa umeme; inausoma kupitia transfoma ndogo za mkondo, CT. Zikiwa za uwiano wa 400/5, usomaji lazima uzidishwe kwa 80, isipokuwa mita imepangwa kuzidisha yenyewe. Mita ikionyesha uniti 1,250, uzalishaji halisi ni uniti 100,000, yaani vyeti 100. Fundi akisahau kuzidisha, unapata cheti kimoja. Akizidisha mara mbili, unaomba vyeti ambavyo havipo, na hilo likigundulika linatia doa usajili mzima. Andika uwiano wa CT kwenye mchoro, piga picha kibandiko cha mita, na uviambatanishe tangu ombi la kwanza.

Mitambo mchanganyiko ina mtego wake. Kama jua, jenereta ya dizeli na betri vinapita kwenye mita moja, hakuna atakayejua uniti zipi ni za jua. Weka mita ya pekee kwenye upande wa jua. Betri inayochajiwa na gridi au dizeli nayo isihesabiwe kama chanzo, na umeme unaotumiwa na mtambo wenyewe uondolewe.

Uhai na mpaka. Kanuni za I-REC hazina kifo cha haraka kama cha GO. Anayekubana ni mpokeaji: mwongozo wa GHG Protocol unataka mwaka wa cheti ukaribie iwezekanavyo mwaka wa matumizi, hivyo cheti cha 2021 kwa umeme wa 2025 kitaulizwa maswali. Kuhusu mpaka, kanuni ya kawaida ni nchi yako mwenyewe. Nguvu za umeme kuvuka mpaka kati ya Kenya na Uganda hazitoshi kukupa ruhusa ya kutumia cheti cha Jinja kwa kiwanda cha Mombasa. Muulize mpokeaji kwanza, na jibu lake lipate kwa maandishi.

Kinapokwama. Kuna mambo matatu, na yote nayaona yakipuuzwa.

La kwanza ni umri wa mtambo. Tangu Januari 2024, RE100 inataka vyeti vinavyonunuliwa peke yake vitoke kwenye mtambo uliowashwa, au kujengwa upya, ndani ya miaka 15, ikiacha nafasi ndogo ya asilimia 15 ya matumizi pamoja na misamaha michache. Kidatu ya Tanzania iliwashwa 1975, Nalubaale pale Jinja 1954. Umeme wake ni safi kabisa, lakini cheti cha bwawa la umri huo hakitamfaa msambazaji wa bidhaa kwa kampuni ya RE100. Julius Nyerere ya Tanzania, yenye uwezo wa megawati 2,115 na iliyoanza kuzalisha 2024, iko ndani ya kipimo hicho kwa umri wake. Kabla ya kulipa, dai jina la mtambo na tarehe yake ya kuwashwa.

La pili ni mkataba wa kuuza umeme. Kama mzalishaji anauza kwa kampuni ya taifa na mkataba unampa mnunuzi sifa zote za kimazingira, mzalishaji hana cheti cha kuuza. Mkataba ukiwa kimya, maliza jambo hilo kwa barua ya makubaliano kabla ya kusajili mtambo.

La tatu ni mikopo ya kaboni. Miradi kadhaa ya upepo na jotoardhi nchini Kenya imesajiliwa pia katika CDM, mfumo wa Umoja wa Mataifa wa mikopo ya kaboni. Megawati-saa ile ile haiwezi kutoa mkopo wa kaboni na cheti cha umeme kwa wakati mmoja. Anayeuza akwambie vipindi vipi vilitolewa mikopo na vipi vilitolewa vyeti.

Kwa kufuta, jaza kwa makini: jina kamili la kisheria la kampuni inayodai, nchi, kipindi cha matumizi na kusudi. Jina la kampuni mama likiwekwa mahali pa kampuni tanzu iliyotumia umeme, mkaguzi ataikataa hati, na cheti kilichofutwa hakirudi.

Kinamfaa nani. Viwanda, mashamba ya maua, mabenki na vituo vya data vyenye wateja wanaodai ushahidi, na wazalishaji wadogo wanaotafuta mapato ya ziada. Kwa kundi hili la pili kuna P-REC, ambayo ni I-REC yenye alama ya ziada kwa miradi ya maeneo yaliyoathiriwa na vita na umaskini wa nishati. Mauzo ya kwanza yalitoka kwenye mtambo wa jua wa Nuru mjini Goma, wa megawati 1.3, mnunuzi alikuwa Microsoft, na pesa zilisaidia kuweka taa za barabarani mtaa wa Ndosho. Mnunuzi wa namna hiyo hulipa zaidi kwa sababu anataka kuona pesa yake imefanya nini. Mzalishaji mdogo wa Kongo au Uganda asikubali kuuza cheti chake kama cha kawaida kabla hajaulizia njia hii.

Kwa hali yako

Kiwanda au shamba nchini Kenya lenye mteja wa Ulaya. Anza na hesabu ya mahali: uniti zako mara kipimo cha hewa chafu cha gridi. Kwa kuwa karibu asilimia 90 ya umeme wa gridi ya Kenya ni wa jotoardhi, maji, upepo na jua, takwimu hiyo tayari ni ndogo, na kwa wateja wengi inatosha. Kiwango cha kimataifa cha taarifa za tabianchi, IFRS S2, nacho kinadai takwimu hii ya mahali kwanza, kisha maelezo ya mikataba na vyeti. Mteja akitaka dai la asilimia 100, ndipo ununue I-REC. Ukitumia uniti 180,000 kwa mwezi, mwaka mzima ni megawati-saa 2,160. Paneli za kilowati 500 juu ya paa zinaweza kukupa takriban 750. Zinabaki 1,410, na hivyo ndivyo vyeti vya kununua. Zile 750 zako usizitolee vyeti vya kuuza; ukiuza, umeuza na dai. Kumbuka pia kwamba nchini Kenya mtambo wa matumizi yako mwenyewe unaozidi megawati 1 unahitaji leseni ya mdhibiti wa nishati, EPRA.

Unauza saruji au mbolea Umoja wa Ulaya. Usinunue cheti kwa ajili ya CBAM, tozo ya kaboni ya mpakani ya Umoja wa Ulaya. Kwa bidhaa hizi hewa chafu ya umeme inahesabiwa, lakini vyeti vya soko havikubaliki kuishusha. Kinachokubalika ni umeme wa waya wa moja kwa moja kutoka kwenye mtambo, au mkataba wa ununuzi na mzalishaji unaotimiza masharti ya kanuni. Pesa ya vyeti ihamishie kwenye mkataba huo.

Una paneli juu ya nyumba Maryland, New Jersey au jimbo jirani. Soma mkataba wa paneli kabla ya kufungua akaunti ya PJM-GATS. Kama umekodi paneli badala ya kununua, mara nyingi vyeti ni vya kampuni iliyokukodisha. Kama ni vyako, uidhinishaji wa jimbo na usajili wa rejista ni hatua mbili tofauti, na zote zinahitajika. Vyeti vya Maryland vinaishi miaka mitatu, hivyo huna haja ya kumuuzia dalali wa kwanza aliyepiga simu. Ukiwa na biashara, ujue kwamba miongozo ya 2012 ya FTC, tume ya Marekani inayolinda walaji, inahesabu kuwa ni udanganyifu kutangaza unatumia umeme wa jua ilhali umeuza vyeti vyake.

Una mini-gridi Uganda au Kongo. Usajili mmoja una gharama zisizopungua kwa sababu mtambo ni mdogo. Hesabu kwanza megawati-saa za mwaka. Chini ya mia chache, tafuta mwakilishi anayekusanya mitambo mingi pamoja. Na mita ya upande wa jua iwekwe siku ya ujenzi, kabla mafundi hawajaondoka.

Unaandika sera. Kabla ya kuiga RPS ya Marekani, tazama Uswidi na Norwei. Soko lao la pamoja la vyeti vya lazima lilianza 2012 kwa lengo la terawati-saa 26.4 ifikapo 2020, lililopandishwa baadaye hadi 28.4. Lengo lilifikiwa mwaka mmoja kabla, mitambo ikaendelea kuongezeka, na bei ikaanguka karibu na sifuri. Uswidi ilifunga mlango kwa mitambo mipya mwisho wa 2021. Nchi ambayo gridi yake tayari ni jadidifu kwa asilimia 90 ikiweka mgao wa asilimia 80, itazaa vyeti visivyo na thamani tangu siku ya kwanza. Mgao upimwe kwa mitambo mipya tu, malipo mbadala yawe juu ya gharama halisi ya kujenga, na rejista iwe moja inayoandika kila megawati-saa ya gridi, ya mafuta na ya maji pia, kama NEPOOL-GIS inavyofanya. Rejista ya namna hiyo inakuwezesha kuchapisha mchanganyiko wa mabaki, ambao nchi nyingi za Afrika bado hazina, na bila huo kila kampuni isiyonunua cheti itaendelea kudai usafi wa gridi ambao vyeti vyake vimeshauzwa ng'ambo.